Jina, Namba na Kiinua Mgongo: Akiba Zilizosahauliwa za Wafanyakazi wa Jinja na Mbale

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutajwa tunapomwonya mwenye duka asiyeandika madeni yake. Katika makala hii tunakusudia kuitazama kwa upande wa pili, maana ipo mali iliyokuwa na daftari, tena daftari lililoandikwa kwa wino na kupigwa muhuri, na bado ikapotea bila habari. Mali hiyo ni akiba ya uzeeni ya watu waliofanya kazi katika reli, viwanda, maghala na ofisi za Jinja na Mbale, mashariki ya Uganda, tangu miaka ya 1950 hadi miaka ya 1990.

Huenda msomaji akasema kwamba jambo hili ni la wahasibu na mawakili, na kwamba walimu wa lugha wamepotea njia. Sisi pia tulidhani hivyo mpaka tulipoanza kuletewa barua. Mwalimu wa Kiswahili mjini Mbale huombwa mambo mengi ambayo hayamo katika mtaala: kusoma hati ya kiwanja, kuandika risala ya arusi, kufasiri waraka wa ofisi. Katika miaka ya karibuni barua nyingi tulizoletewa zilihusu kitu kimoja. Mzee fulani alifanya kazi mahali fulani, mwajiri wake hayupo tena, na anataka kujua zilikokwenda fedha alizokatwa kila mwezi. Kwa kuzisoma barua hizo tumejifunza kwamba akiba ya mfanyakazi hupotea kwa njia tatu: dola ikivunjika, sarafu ikianguka, na jina likiandikwa vibaya. Mbili za kwanza hatuna uwezo nazo. Ya tatu ni kazi yetu.

Miji iliyoishi kwa mshahara

Hatuna budi kuanza na historia ya miji yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Jinja ulikuwa mji mdogo wa bandari ya ziwani. Mwaka 1912 uliunganishwa na Namasagali kwa reli fupi ya Busoga, na pamba iliyoteremka kwa njia hiyo ilivushwa kwa meli hadi Kisumu. Mwaka 1928 njia kuu ya reli kutoka Kenya ilifika Jinja kupitia Tororo, na mwaka 1931 treni zikavuka mto Nile hadi Kampala. Tawi la kaskazini lilitoka Tororo, likapita Mbale na kufika Soroti mwaka 1929. Hivyo miji yetu miwili iliunganishwa na chuma kile kile, na watu wa mji mmoja wakawa wanatafuta kazi katika mji wa pili.

Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, lilifunguliwa rasmi na Malkia Elizabeth wa Pili. Umeme wake ulivuta viwanda. Kikaja kiwanda cha nguo cha Nyanza Textile, kikaja kiwanda cha kuyeyushia shaba iliyoletwa kwa treni kutoka Kilembe, na vingine vikafuata. Huko Kakira, karibu na Jinja, kiwanda cha sukari cha Madhvani kilikuwa kimekwisha kuwapo tangu mwaka 1930. Mbale nako, mwaka huo huo wa 1954, wakulima wa kahawa waliunda chama kikuu cha ushirika cha Bugisu, na baadaye mji ukapata kiwanda cha nguo cha African Textile Mill.

Watu walikuja kutoka Busoga, Bugisu, Bukedi, Teso, Acholi, West Nile na hata ng'ambo ya mpaka, Kenya ya magharibi. Katika nyumba za Walukuba, mtaa wa wafanyakazi wa Jinja, Mwacholi alipakana na Mluo, na Mgisu alikopeshana chumvi na Mlugbara. Lugha waliyozungumza kazini na kisimani aghalabu ilikuwa Kiswahili. Lakini kadi zao za kazi, hati zao za mshahara na barua zao za kuachishwa kazi ziliandikwa kwa Kiingereza. Tunamwomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa kuwa tutalirudia.

Mifuko ya akiba

Kiswahili kina neno zuri kwa malipo ya mwisho wa kazi, nalo ni kiinua mgongo. Mtu ameinama miaka mingi juu ya mtambo, juu ya gunia au juu ya reli. Siku anapoondoka hupewa kitu cha kumwinua. Hata hivyo neno hilo moja limefunika mipango ya namna nyingi, na kuchanganya mipango hiyo ndiko kunakowapoteza wazee wetu.

Mtumishi wa serikali, tukiwamo sisi walimu, hulipwa pensheni kutoka hazina bila ya kukatwa mshahara. Reli na Posta zilikuwa na utaratibu wao. Wafanyakazi wa viwanda na makampuni waliwekewa mifuko ya akiba iliyoundwa kwa sheria baada ya uhuru: Tanganyika mwaka 1964, Kenya mwaka 1965, na Uganda mwaka 1967. Mwajiri alikata sehemu ya mshahara, akaongeza sehemu yake mwenyewe, kisha akazipeleka zote mbili kwenye Mfuko. Kila mwanachama alikuwa na namba yake. Kwa Uganda, sheria ya mwaka 1985 iliunda Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambao ulirithi mali na madeni ya mfuko wa kwanza. Siku hizi mfanyakazi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza asilimia 10. Zamani mwajiri mwenye watu wasiofika 5 hakubanwa na sheria. Mpaka huo uliondolewa na marekebisho ya mwaka 2022.

Basi mtu aliyeanza kazi katika reli, akahamia kiwandani Jinja, akamalizia katika ghala la kahawa Mbale, anaweza kuwa na akiba katika mahali patatu, chini ya sheria tatu na namba tatu. Yeye mwenyewe hukumbuka jambo moja tu, kwamba alikatwa.

Waliofukuzwa na waliobaki

Misukosuko haikuchelewa. Mwaka 1970 serikali ya Uganda iliamuru wafanyakazi wa kigeni wasio na ujuzi maalumu waondoke nchini, na maelfu ya Wakenya wakarudi kwao kwa haraka. Wafanyakazi waliondoka, waajiri wakabaki. Miaka miwili baadaye, mwaka 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Mara hii waajiri waliondoka na wafanyakazi wakabaki. Kiwanda kilipewa meneja mpya, duka likapewa mwenyeji mpya, na mara nyingi karani aliyejua faili lipi liko katika kabati lipi alikuwa amekwisha kupanda ndege. Mwaka 1979 vita vilivyomwondoa Amin vilipita Jinja na Mbale, na uporaji wa siku zile haukuchagua baina ya meza na karatasi zilizokuwa ndani yake.

Katikati ya misukosuko hiyo kulitokea pigo kubwa zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Kampala mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977. Jumuiya haikuwa bendera tu. Ilikuwa mwajiri. Reli ilikuwa na makao yake makuu Nairobi, Bandari Dar es Salaam, Posta na Simu Kampala. Kijana wa Mbale aliweza kuajiriwa Tororo, akahamishiwa Nakuru, kisha Tabora, bila ya kuacha kazi hata siku moja. Jumuiya ilipovunjika aligundua kwamba mwajiri wake amekuwa nchi tatu zisizosemezana.

Ilichukua miaka saba kugawa urithi huo. Tarehe 14 Mei 1984, mjini Arusha, Marais Obote, Moi na Nyerere walitia sahihi mapatano yaliyosimamiwa na msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht. Mali iligawanywa kwa kiasi cha asilimia 42 kwa Kenya, 32 kwa Tanzania na 26 kwa Uganda. Kuhusu wafanyakazi, mapatano yalisema kwamba kila nchi iwalipe raia wake mafao ya utumishi wao wa kabla ya mgawanyo. Kwa macho ya mwanasheria hilo ni jambo rahisi. Kwa macho ya mfanyakazi swali lenyewe lilikuwa limebadilishwa. Mwanzo aliulizwa, "Ulifanya kazi wapi, na miaka mingapi?" Sasa aliulizwa kwanza, "Wewe ni raia wa nchi gani?" Wako waliozaliwa upande mmoja wa mpaka, wakaoa upande wa pili na kuzeekea wa tatu, ambao hawakuwa na jibu fupi. Huko Tanzania wazee wa Jumuiya waliendelea kudai mafao yao barabarani na mahakamani kwa miaka mingi, hata baada ya Jumuiya mpya kuanza kazi mwaka 2000.

Shilingi mia kuwa moja

Njia ya pili ya kupotea ni sarafu. Mwezi wa Mei 1987 Uganda ilibadilisha fedha zake. Shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na katika kubadilisha huko pesa taslimu na amana za benki zilikatwa kodi ya asilimia 30. Tupige hesabu ndogo ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Aliyekuwa na shilingi 100,000 benki alibaki na 1,000 mpya. Kisha zikatolewa 300, akabaki na 700. Tena hapo bei za vitu zilikuwa zimekwisha kupanda kwa miaka mingi.

Kwa sababu hiyo mwaka 1987 ni kama mto unaogawa historia ya akiba za wafanyakazi wetu. Zilizowekwa kabla ya mwaka huo mara nyingi zimebaki jina tu, hata zikiongezewa riba. Zilizowekwa baada yake zinaweza bado kuwa na uzito. Mzee anayetafuta akiba yake ni vizuri aambiwe jambo hili mapema na kwa upole, asije akauza ng'ombe ili kulipia safari ya kufuata fedha zisizotosha kununua kamba yake.

Karani na sikio lake

Tumefika sasa kwenye njia ya tatu. Fikiria dirisha la kuajiri watu katika kiwanda cha Jinja. Kijana anasema jina lake. Karani, ambaye pengine alikuwa Mgoa, Mganda au Mluo, anaandika alichosikia. Hakumwuliza anaandikaje jina lake, na hata angemwuliza, wengi hawakujua kuandika. Jina la Kiislamu lililo moja liliandikwa Suleiman, Sulaiman, Sulemani au Selemani. Jina la ukoo lenye L likaandikwa kwa R, maana katika lugha zetu nyingi za mashariki sauti hizo mbili ni ndugu wasiogombana. Jina la ubatizo likatangulia katika kadi moja na kufuata katika nyingine.

Tena kuna majina ya pacha. Katika Busoga pacha wa kiume huitwa Waiswa na Tenywa. Kila ukoo unao, na kila kiwanda kilikuwa nao wengi. Kumtafuta Waiswa katika daftari la wafanyakazi wa Jinja bila ya namba yake ni sawa na kumtafuta Juma msikitini.

Mwaka wa kuzaliwa nao ulikisiwa. Mgisu mzee huenda asijue mwaka aliozaliwa, lakini mwaka aliotahiriwa anaujua barabara, kwa kuwa imbalu huchezwa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na rika lake lote ni shahidi. Karani hakuuliza habari za imbalu. Aliutazama uso, akaandika tarakimu. Kisha kuanzia mwaka 2014 wananchi waliandikishwa upya kwa ajili ya kitambulisho cha taifa, na majina yakaandikwa kwa namna nyingine tena. Leo mzee huyo ni mtu mmoja mwenye majina matatu na umri wa namna mbili, na kompyuta haina huruma ya kumtambua.

Jambo la kuumiza ni kwamba wakati walio hai hawaonekani katika orodha, wasiokuwapo walionekana. Mwaka 2012 iligunduliwa mjini Kampala kwamba mabilioni ya shilingi ya pensheni yalikuwa yamelipwa kwa wastaafu hewa, wengine wakiorodheshwa kama watumishi wa Jumuiya ya zamani. Majina yao yaliandikwa bila kosa hata moja.

Kasha la bati

Miaka michache iliyopita alitujia mzee mmoja kutoka vijiji vya chini ya mlima Elgon, akiwa amebeba kasha la bati. Hatutamtaja jina, wala waajiri wake, wala ofisi aliyozungushwa. Alisema, "Mwalimu, wewe unasoma barua za wakubwa. Nisomee mimi ni nani."

Ndani ya kasha mlikuwa na hati tatu za mshahara za kiwanda kimoja cha Jinja, alikofanya kazi kuanzia 1971 hadi 1984; barua ya kuachishwa kazi kutoka kwa mwajiri wa pili wa Mbale, aliyemtumikia kuanzia 1988 hadi 1996; na kadi ya uanachama iliyoliwa na mchwa, tarakimu mbili za mwisho zikiwa zimekwenda nao. Katika hati za Jinja alikuwa Selemani, aliyezaliwa 1945. Katika barua ya Mbale alikuwa Sulaiman, aliyezaliwa 1952. Kitambulisho chake kilisema Suleiman. Yeye mwenyewe alikuwa na hakika ya jambo moja, kwamba alitahiriwa mwaka 1966. Mara mbili alikuwa amekwenda ofisini na mara mbili alikuwa ameambiwa, "Mzee, humo."

Tulimwuliza nani aliajiriwa pamoja naye. Akamtaja mwenzake waliyeingia kiwandani siku moja, ambaye alikwisha kufariki, lakini mjane wake alikuwa bado anaishi Walukuba. Tulikwenda Jinja kumwona mama huyo. Alituletea bahasha aliyoihifadhi chini ya godoro, na ndani yake kadi ya marehemu ikiwa nzima, yenye tarakimu zote. Tarakimu za mwanzo zilikuwa zile zile. Kwa kuwa waliandikishwa mmoja nyuma ya mwingine, tulikisia kwamba namba zao zilifuatana, na ndivyo zilivyokuwa. Mama yule akatuuliza kwa sauti ya chini kama na yeye angeweza kudai chochote. Hakuwa amejua kwamba sheria huwafikiria warithi wa mwanachama aliyekufa. Barua yake tuliiandika siku hiyo hiyo.

Kilichobaki kilikuwa kuthibitisha kwamba Selemani, Sulaiman na Suleiman ni mtu mmoja. Ilihitajika hati ya kiapo, barua ya mwenyekiti wa kijiji, picha, na subira ya miezi 14. Akaunti ya Jinja, miaka 13 ya kusimama mbele ya mtambo, ilitoa fedha zisizofika nauli ya kutoka Mbale hadi Jinja na kurudi. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akaunti ya Mbale, ambayo iliwekwa baada ya mwaka 1987, ilitosha kuezeka nyumba yake kwa mabati mapya. Hata hivyo kabla ya kuondoka ofisini aliomba apewe nakala ya karatasi ya Jinja, ile yenye miaka yake 13, akairudisha ndani ya kasha.

Wajibu wa walimu

Tunarudi kwa wasomaji wetu, ambao wengi ni walimu kama sisi. Dola zilizovunjika hatuwezi kuziunga, wala sarafu iliyoanguka hatuwezi kuiinua. Majina tunaweza. Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, katika somo la utungaji tuwafundishe wanafunzi kuandika barua ya madai: jina kamili, majina mengine yote yaliyowahi kutumika, namba, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza na ya kuacha kazi. Ni utungaji wenye faida kuliko insha nyingi za safari ya kuwazia.

Pili, tuwatume vijana wawaulize babu na bibi zao walifanya kazi wapi, na nani aliajiriwa pamoja nao. Namba iliyoliwa na mchwa nyumba hii huenda iko salama nyumba ya pili.

Tatu, tuwaeleze wazee kwamba mwajiri kubadilika jina si mwajiri kufa. Reli ya Jumuiya ilipogawanyika, Uganda ilipata Shirika lake la Reli. Bodi ya Umeme iligawanywa mwaka 2001 kuwa makampuni matatu. Benki ya Biashara ya Uganda iliuzwa mwaka 2002. Kila mara yuko aliyerithi, na mahali pa kuanzia kuuliza ni kwake.

Nne, na hili ndilo kubwa, mwalimu anapoandikisha mtoto wa darasa la kwanza amwulize mzazi jina linaandikwaje, kisha amsomee alichoandika. Kosa la herufi moja katika daftari la shule hufuata cheti, cheti hufuata kazi, na kazi hufuata akiba. Miaka 50 baadaye mtu huyo atasimama mbele ya dirisha na kuambiwa hayumo.

Wahenga walitufundisha kuweka daftari. Sisi tuliokabidhiwa kalamu tuongeze kwamba daftari lisomwe tena mbele ya mwenyewe, akiwa bado hai na masikio yake yanasikia.